LF ni nini? Herufi mbili, maana nne, na macho ya mtoto mchanga



Miezi michache iliyopita mama mmoja wa hapa kambini alifika kituo cha afya asubuhi na mapema akiwa na mtoto wa siku tano mgongoni. Macho ya mtoto yalikuwa yamevimba, kope zimeshikana, na muuguzi alipozifungua polepole ukatoka usaha mzito wa rangi ya manjano.

"Mama, haya yalianza lini?"

"Leo ni siku ya pili. Lakini namtia dawa."

"Dawa gani?"

"Maziwa yangu mwenyewe. Kila nikimaliza kunyonyesha namtonea matone mawili kila jicho. Si yana LF?"

Mama huyu hakuwa mzembe, na hakuwa amedanganywa kabisa. Jirani alimsomea ujumbe uliokuwa ukizunguka kwenye simu, kwamba maziwa ya mama yana kitu kiitwacho LF na kwamba LF ndiyo inayolinda jicho. Mama mkwe naye akasema hata zamani kule Fizi wazee walifanya hivyo hivyo. Kwa hiyo akafanya.

Mtoto alipelekwa hospitali siku ileile. Jicho la kulia limepona. La kushoto limebaki na kovu jeupe katikati, na bado haijajulikana ataona kiasi gani kwa jicho hilo. Mama ametukubalia tuandike habari hii bila kutaja jina lake wala mtaa wake. Alisema: "Waambieni wengine. Mimi sikujua kwamba siku mbili ni nyingi."

Tangu wakati huo watu wengi wametuuliza hiyo LF ni nini. Mmoja aliiona kwenye chupa ya chanjo akaogopa. Mwingine aliikuta kwenye karatasi ya maabara. Mwingine anaikumbuka kutoka Tanzania, ambako aliambiwa ni ugonjwa wa miguu kuvimba. Wote walikuwa sahihi, kwa sababu LF hizo si moja. Leo tutazieleza zote, lakini tutakaa zaidi kwenye ile ya macho.

LF iliyomo kwenye machozi na maziwa

Jina lake kamili ni laktoferini. Ni protini, yaani moja ya vitu ambavyo mwili hujitengenezea kwa ajili ya kujijenga na kujilinda. Jina limetoka katika Kilatini: "lakto" ni maziwa, "feri" ni madini ya chuma. Wataalamu waliiona kwanza katika maziwa ya ng'ombe mwaka 1939, na mwaka 1960 ikatenganishwa kutoka katika maziwa ya mama. Baadaye ikaonekana kwamba ipo pia kwenye mate, kwenye chembe nyeupe za damu, na kwa wingi kwenye machozi.

Kazi yake inaeleweka kirahisi. Vijidudu vingi haviwezi kukua wala kuzaana bila madini ya chuma. Laktoferini hukamata chuma kilichopo kwenye machozi na kukishikilia, kwa hiyo kijidudu kinachotua kwenye jicho hakipati chakula. Ni kama mtu aliyefika kwenye sherehe akakuta chakula chote kimefungiwa stoo na ufunguo haupo. Zaidi ya hapo, laktoferini yenyewe inaweza kutoboa ngozi ya nje ya baadhi ya vijidudu.

Haifanyi kazi peke yake. Kwenye machozi kuna protini nyingine iitwayo lisozimu, ambayo huvunja ukuta wa vijidudu. Alexander Fleming, yule yule aliyegundua penisilini mwaka 1928, ndiye aliyeieleza lisozimu mwaka 1922. Alihitaji machozi mengi kwa ajili ya majaribio yake, basi akawa anawakamulia wenzake limau machoni ili walie. (Tafadhali msimwige. Limau kwenye jicho si dawa ya kitu chochote.) Halafu kuna kope zenyewe, ambazo kila ukipepesa hufagia vumbi na uchafu. Machozi pia yanatiririka muda wote, hata kama hulii, na kubeba vijidudu kuelekea puani.

Kwa hiyo ujumbe wa simu ulisema kweli kwa upande mmoja: LF hulinda jicho. Kosa lilikuwa kufikiri kwamba kitu kinacholinda ni sawa na kitu kinachotibu.

Kwa nini maziwa kwenye jicho hayatoshi

Mlinzi wa lango anaweza kumzuia mwizi mmoja au wawili. Wakija mia moja usiku mmoja, hatawaweza. Mtoto anapozaliwa hupita kwenye njia ya uzazi ya mama, na kama mama ana kisonono au klamidia, hata bila kujua, vijidudu vingi huingia machoni mwa mtoto kwa mara moja. Wanawake wengi wenye magonjwa haya hawana maumivu wala dalili yoyote. Si jambo la kumnyooshea mama kidole. Mara nyingi ameyapata kwa mume wake, ambaye naye huenda hajui.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kijidudu cha kisonono ni mwizi hodari. Baadhi ya aina zake zina vifaa vya kunyang'anya chuma kutoka kwenye laktoferini yenyewe. Yaani ule ufunguo wa stoo anao yeye. Ukimwongezea LF kwenye jicho, kwa kijidudu cha namna hiyo hujaweka kizuizi kikubwa.

Pia maziwa yana sukari, na vidole vinavyotonea havikosi uchafu wake. Lakini ubaya mkubwa wa maziwa kwenye jicho ni muda unaopotea. Kisonono cha macho kwa mtoto mchanga kinaweza kutoboa kioo cha jicho ndani ya siku moja au mbili tangu usaha uanze. Mama anayetonea maziwa anaamini kwamba anatibu, kwa hiyo anangoja. Vivyo hivyo kwa anayetumia chai, mkojo, maji ya majani au maji ya chumvi ya nyumbani.

Fanya hivi. Mtoto aliye chini ya siku 28 akitoa usaha machoni, au kope zikivimba na kushikana, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Usingoje zamu ya kawaida asubuhi, sema mlangoni, "Ni macho ya mtoto mchanga." Njiani unaweza kumfuta usaha kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho kwa kitambaa chake, kisha unawe mikono kwa sabuni, maana usaha huo unaweza kukuambukiza wewe pia. Usitie kitu kingine. Hospitali huosha macho na kumpa mtoto sindano ya antibiotiki. Baba na mama nao hutibiwa, na tunasisitiza wote wawili, kwa sababu akitibiwa mama peke yake ugonjwa utarudi.

Kuhusu kinga: mtoto anapozaliwa kituoni hupakwa machoni mafuta ya tetrasaikilini ya asilimia 1. Hupakwa mara moja tu, haimuumizi, na macho huonekana na ukungu kidogo kwa muda mfupi. Ukijifungulia nyumbani au njiani kwa sababu uchungu ulikuja ghafla, mlete mtoto siku hiyohiyo apakwe.

Na maziwa je? Maziwa yanyonywe. Yale ya kwanza, ya manjano na mazito, ambayo wengine huita dang'a na baadhi ya familia bado huyakamua na kuyamwaga kwa kudhani ni machafu, ndiyo yenye laktoferini nyingi kuliko maziwa yanayofuata. Yaingie tumboni kwa mtoto ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Huko LF hufanya kazi yake vizuri, kwenye utumbo, ambako vijidudu vya kuhara hutafuta chuma. Mdomoni ndiyo, machoni hapana.

LF ya miguu kuvimba

Wale waliopita Tanzania wanaijua hii. Kwa Kiingereza LF ni kifupi cha ugonjwa wa matende na mabusha, unaoletwa na minyoo midogo kama uzi ambayo huenezwa na mbu na kukaa kwenye mishipa ya maji ya mwili. Baada ya miaka mingi mguu huvimba, au korodani. Mara nyingi damu ya kupimia huchukuliwa usiku, kwa sababu watoto wa minyoo hiyo hutoka kwenye damu ya juu wakati huo. Hapa Burundi, ambako karatasi nyingi za hospitali huandikwa kwa Kifaransa, herufi hugeuzwa na ugonjwa huohuo huandikwa FL.

Kila mguu uliovimba hauna maana ya matende. Katika nchi za milima kama hizi zetu, watu waliotembea bila viatu kwa miaka mingi juu ya udongo mwekundu wa volkano wanaweza kuvimba miguu yote miwili bila mnyoo wala mbu. Ugonjwa huo unajulikana sana Ethiopia na Rwanda. Viatu na kuosha miguu kwa sabuni kila siku husaidia sana. Tutauandikia makala yake siku nyingine.

Lf kwenye chupa ya chanjo

Hii ndiyo iliyoleta uvumi. Baba mmoja aliyempeleka mtoto kwenye chanjo ya Penta aliomba kuona chupa, na ana haki hiyo. Akasoma kwa macho makali: "Lf". Akauliza kwa sauti mbele ya foleni yote kwa nini watoto wanachomwa matende. Siku ile baadhi ya akina mama waliondoka bila kuchanja.

Lf ya kwenye chupa, yenye herufi kubwa moja na ndogo moja, ni kipimo, kama vile kilo au lita. Hutumika kupimia nguvu ya chanjo ya dondakoo na ya pepopunda. Limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya mpaka: wataalamu huchanganya sumu iliyokwisha kuuawa nguvu pamoja na kinga yake, na kuangalia ni kiasi gani kinaanza kugandana. Ndani ya chupa hakuna minyoo, na hakuna laktoferini. Penta hukinga magonjwa matano: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B, na kijidudu cha Hib kinacholeta homa ya uti wa mgongo na nimonia. Kama mtoto wako ni miongoni mwa walioondoka siku ile, mrudishe. Kuchelewa hakumaanishi kuanza upya. Muuguzi ataendelea pale kadi ilipoishia.

LF kwenye karatasi ya maabara

Ukiona LF-LAM, hicho ni kipimo cha haraka cha kifua kikuu kinachotumia mkojo, hasa kwa wagonjwa ambao kinga ya mwili wao imeshuka. Hapa LF inaeleza tu namna kijikaratasi cha kupimia kinavyofanya kazi: unadondosha maji upande mmoja, yanajivuta yenyewe kuelekea upande mwingine, na mistari inatokea. Vipimo vya haraka vya malaria vimetengenezwa kwa namna hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani lilianza kukipendekeza mwaka 2015.

Karatasi ya maabara ni siri ya mwenyewe. Tumesikia watu wakisomeana karatasi kwenye foleni ya maji na kutangaziana magonjwa. Mtu anayesoma herufi mbili na kukisia anaweza kumharibia mwenzake ndoa.

Nchi tatu, lugha mbili, herufi zinagongana

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inatokana na safari zetu. Mtu ametoka Uvira au Baraka na kadi ya Kifaransa, akakaa Kigoma akapewa kadi ya Kiingereza, na sasa yuko Muyinga ambako kadi ni ya Kifaransa tena. Virusi ni vilevile lakini huku ni VIH, kule HIV. Hata mashirika hubadilika: HCR na UNHCR ni moja, OMS na WHO ni moja, PAM na WFP ni moja.

Mfano mzuri ni chanjo ya pepopunda ya akina mama wajawazito. Kwa Kifaransa huandikwa VAT. Mama mmoja aliyeishi Tanzania alikataa kadi yake akidhani anadaiwa kodi, maana kule VAT ni kodi ya dukani! Kwenye kadi za Kiingereza chanjo hiyo iliandikwa TT, na siku hizi nchi nyingi hutumia Td, ambayo inaongeza kinga ya dondakoo. Lakini ukiona TT kwenye orodha ya daktari wa macho, siyo pepopunda. Hapo TT ni hatua mbaya ya trakoma, ugonjwa wa vikope, ambapo kope zimepinda kuelekea ndani na zinakwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Mwenye TT ya macho anahitaji upasuaji mdogo wa kope. Akipewa sindano ya pepopunda akarudi nyumbani, ataendelea kukwaruzwa mpaka apofuke.

Tunaitaja trakoma kwa sababu inahusika na mada yetu. Kijidudu chake ni klamidia, ndugu wa karibu wa klamidia inayoingia machoni mwa watoto wakati wa kuzaliwa. Nchini Burundi ugonjwa huu haukujulikana rasmi kabla ya 2007. Uchunguzi wa 2009 na 2010 ukaonyesha kwamba upo, na dawa ya azithromisini ikagawiwa kwa watu wote katika wilaya 12 za afya. Mwezi Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Burundi imeutokomeza kama tatizo la afya ya jamii. Hii haina maana kwamba hakuna hata mgonjwa mmoja aliyebaki. Mtu aliyeugua utotoni, hapa au kule Kongo, anaweza kuanza kupinda kope akiwa na miaka hamsini. Wazee wanaong'oa kope kwa kibano, tunawaomba waje waangaliwe.

Mpango wa kupambana na trakoma nao una jina la herufi. Kwa Kifaransa ni CHANCE, kwa Kiingereza SAFE. Yanaonekana maneno tofauti kabisa, moja ni bahati na jingine ni salama, lakini yote mawili yanaficha mambo yaleyale manne kwa mpangilio uleule: upasuaji, antibiotiki, kuosha uso, na kurekebisha mazingira, maana yake maji na vyoo. Mtoto mwenye uso safi havutii nzi, na nzi ndio wanaobeba vijidudu kutoka jicho la mtoto huyu hadi la yule. Tunajua foleni ya maji ni ndefu. Kopo moja dogo linatosha kuosha uso.

Ukipewa karatasi ya rufaa

Unapoandikiwa kwenda hospitali ya Muyinga au ya Gitega, kabla hujaondoka mwombe muuguzi akusomee karatasi kwa Kiswahili au Kirundi, neno kwa neno. Muulize: herufi hizi ni ugonjwa, ni dawa, ni chanjo au ni kipimo? Jibu lake likiwa "usijali", uliza tena kwa heshima. Kama umepoteza karatasi au umesahau, mtafute mhudumu wa afya wa mtaa wako, mremeshakiyago. Jirani mwenye simu usimwulize hilo.

Tena msishangazwe na majina ya mikoa. Tangu mikoa ilipopangwa upya mwaka 2025, Muyinga iko ndani ya mkoa wa Buhumuza, na mkoa wa Gitega umekuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa. Karatasi moja inaweza kuandika jina la zamani na nyingine jina jipya. Hospitali haikuhama. Kama ni macho ya mtoto mchanga, usipoteze dakika kubishana juu ya jina la mkoa: panda gari la wagonjwa, mnyonyeshe mtoto njiani, na mkabidhi daktari karatasi ukifika.